Mkwe wa Bwana Albano

"Umemuuliza?"

Garikai alikuwa bado kizingitini, viatu mkononi, miguu imepakaa udongo mwekundu mpaka magotini. Tangu asubuhi alikuwa nyumbani kwa Bwana Albano akichimba shimo la choo kipya. Jumamosi iliyopita alipaka rangi ukuta wa uani, na ile ya kabla yake alipasua kuni.

"Mama Ruvimbo, niache nioge kwanza."

"Maji yapo. Mimi nauliza habari ya kibali."

"Nilitaka kumuuliza."

"Ukataka. Halafu?"

"Halafu akaja akasimama ukingoni, mimi niko chini shimoni, uso wangu unatazamana na viatu vyake. Akaniambia, mkwe, ongeza kina kidogo. Sasa hapo ningeanzia wapi?"

Shuvai alitaka kucheka, akajizuia. Alimwekea mumewe ndoo ya maji nyuma ya nyumba, akarudi jikoni kusonga sima. Mtoto wao mdogo, Anesu, alikuwa amelala mgongoni kwake, mate yakimlowesha begani.

Kibali cha kazi ndicho kilichokuwa kimewakosesha raha ndani ya nyumba ile. Garikai alikuwa mwalimu wa serikali huko kwao Mutare, mwalimu mwenye jina, mpaka Bwana Albano alipotuma neno kwamba shule yake ya kulipia, hapa Chimoio, ng'ambo ya mpaka, inataka mtu wa kufundisha Kiingereza. Njoo na familia, alisema, nyumba ipo, na kibali nitakutafutia muhula huu huu wa kwanza. Garikai akaacha kazi. Kazi ya serikali ukiiacha hairudi. Kabla kiti hakijapoa ameshakalia mwingine. Muhula wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, huu ulikuwa wa tatu. Waliishi kwa mhuri wa wageni. Kila ulipokaribia kwisha walipanda gari mpaka mpakani Machipanda, wakavuka, wakanywa chai upande wa kwao kama watu waliokwenda harusini, wakarudi na mhuri mpya.

Ilikuwa hivyo mpaka walipoletwa maofisa wapya wa uhamiaji kutoka Maputo. Hao hawakuwa na mzaha. Wiki ile walikuwa wamepita sokoni wakawakusanya vinyozi wa Kizimbabwe wote, mmoja wao akiwa na mteja aliyenyolewa upande mmoja tu. Walivushwa mpaka hivyo hivyo, hata kufunga vibanda vyao hawakupewa nafasi.

"Sasa ni zamu ya mashule," Shuvai alisema walipokwisha kula. "Mke wa fundi redio ameniambia."

"Huyo kila siku anakwambia kitu."

"Ya vinyozi pia aliniambia, ukasema hivyo hivyo."

Garikai alisukuma sahani kando. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya darasani hata akiomba chumvi. Ruvimbo, binti yao wa miaka tisa, alikuwa sakafuni akijisomea Kireno kwa kunong'ona. Yeye ndiye peke yake nyumbani mle aliyekishika, akakishika kama aliyezaliwa nacho.

"Mimi nitamwendea," Shuvai alisema. "Wewe ni mkwe, una haya zako. Mimi ni binti."

"Ukamwambie nini?"

"Nikamwambie baba, tunataka karatasi."

"Baba mkwe hadaiwi, mama Ruvimbo."

"Kwani nakwenda kudai? Nakwenda kuomba."

*

Na hapo ndipo palipokuwa na kosa lao, kosa ambalo mtu wa kwingine asingelifanya.

Siku walipofika Chimoio, na mizigo bado iko juu ya lori, Bwana Albano alimtazama Shuvai akamuuliza, "Binti, wewe wa ukoo gani?" Akajibu, "Mimi ni Dziva." Dziva ni watu wa maji, samaki ni mwiko kwao. Bwana Albano alishika kichwa kwa mikono miwili. "Dziva? Na mimi ni Dziva. Basi leo nimepata mtoto." Kwa watu wale maneno hayo si ya kupambia mazungumzo. Mzee wa ukoo wa mkeo ni baba wa mkeo, hata kama mmekutana leo barabarani. Ukimwona unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, macho chini. Akikutuma, unakwenda. Humwambii hapana, na humshiki shati kumdai kitu, kwa sababu deni la mke haliishi.

Shuvai alilia siku ile. Baba yake mzazi alikuwa amefariki kabla Ruvimbo hajazaliwa, na hapa, nchi ya watu, amempata mwingine mwenye tumbo na kofia. Walipoandaliwa chakula, palikuwa na bakuli la samaki mezani. Bwana Albano alilisukuma mbali kwa kiganja. "Ondoeni hiki. Mnataka kutuua mimi na mwanangu?" Watu wakacheka, bakuli likaondolewa.

Garikai alikuwa amekuja na mkataba, ameuandika mwenyewe kwa mwandiko wake mzuri, wa kusainiwa na pande mbili. Aliutoa kwenye mkoba nusu, akaurudisha. Nani anamwekea baba mkwe karatasi mbele yake amwambie tia saini hapa?

*

Ofisi ya Bwana Albano ilinukia mafuta ya viatu. Shuvai alipiga magoti mlangoni, akapiga makofi kwa viganja vilivyokunjwa kidogo, kama wanawake wa kwao wanavyopiga.

"Inuka, mwanangu, inuka. Wajukuu zangu hawajambo?"

"Hawajambo, baba."

"Anesu ameota meno?"

"Ameota, baba. Anauma kila kitu."

"Dziva huyo. Keti." Aliketi yeye kwanza. "Haya, sema. Mkwe amekupiga?"

"Hajanipiga, baba. Nimekuja kwa ajili ya kile kibali cha kazi. Tunasikia watu wa uhamiaji wanapita."

Bwana Albano alicheka, tumbo likatikisika chini ya tai. "Ndiyo kinachowakosesha usingizi hicho? Mwanangu, niulize mimi. Binti anahitaji kibali kukaa kwa baba yake?"

"Sisi tunajua hivyo, baba. Hao maofisa ndio hawajui."

"Mimi nawajua. Kibali kiko njiani, kiko mezani kwa mtu wangu. Mambo haya ukiyaharakisha yanaharibika." Alifungua droo, akatoa peremende mbili, akazisogeza mbele yake. "Za watoto. Na wewe, asubuhi unakuwa na kazi gani nyumbani?"

"Kazi za nyumba tu, baba."

"Yule binti wa darasa la vidudu ameolewa, ameniachia watoto. Njoo uwafundishe nyimbo za Kiingereza mpaka nipate mtu. Utalia njaa mbele yangu? Nyumba yenu hii hii moja."

Shuvai alikuwa amekuja kuomba kibali, akatoka na peremende mbili na kazi isiyo na mshahara. Alipokuwa akivuka uwanja wa shule alijaribu kukumbuka ni mahali gani katika mazungumzo yale angeweza kusema hapana. Hakupaona.

*

Walikuja siku ya Jumanne, katikati ya asubuhi. Gari lilisimama nje ya lango na maofisa watatu wa uhamiaji, mmoja na bunduki begani, wakaingia bila kumwuliza mlinzi. Shuvai alikuwa amewatoa watoto wadogo nje, kivulini, ubavuni mwa darasa la baba Ruvimbo, anawaimbisha majina ya siku. Akawaona. Akaendelea kuimba peke yake, watoto wamegeuka wote kutazama bunduki.

Bwana Albano alitoka ofisini anavaa koti, anacheka kabla hajafika. Wakasalimiana kwa Kireno. Mkubwa wao alikuwa kijana mwembamba wa kusini, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alielekeza kidole darasani, pale Garikai aliposimama na chaki mkononi na nyuma yake ubao umejaa maneno.

Bwana Albano akaongea. Akaongea kwa urefu, anaonyesha nyumbani kwake, anaonyesha moyo wake, mara anamwonyesha Shuvai. Yule ofisa akamtazama Shuvai juu mpaka chini.

Ruvimbo alikuwa ametoka darasani kwao bila ruhusa na kuja kujibanza kwa mama yake.

"Anasema nini babu?" Shuvai alimnong'oneza.

"Anasema baba si mwalimu wake."

"Sikiliza vizuri."

"Nasikiliza. Anasema baba ni mkwe wake, amekuja kutembea tu. Anasema kwao mkwe hakai bure, ndiyo maana amemwambia awachangamshe watoto kidogo." Ruvimbo alimvuta mama yake nguo. "Mama, kwani baba si mwalimu?"

Ofisa aliingia darasani, Bwana Albano nyuma yake. Watoto wakasimama wote pamoja, kama Garikai alivyowazoesha, wakamwamkia kwa Kiingereza kilichonyooka. Ofisa alitabasamu. Aliuliza swali kwa Kireno, na Bwana Albano akaligeuza kwa lugha ya kwao, taratibu, kama mtu anayemwekea mtoto tonge mdomoni.

"Mkwe, anauliza kama wewe umeajiriwa hapa."

Garikai alijua; maneno ya Ruvimbo yalikuwa yamemfikia dirishani. Akisema ndiyo, atakuwa amefanya kazi bila kibali; atapanda gari lile sasa hivi, na mkewe na watoto nyuma yake. Na shule itatozwa faini, na baba mkwe atakuwa amefanywa mwongo mbele ya watoto. Akisema hapana, basi mihula yote mitatu haikuwapo. Ubao nyuma yake haukuandikwa na mtu. Shuvai alikuwa dirishani, anamtazama.

Kisha Garikai akaweka chaki mezani, akachuchumaa mbele ya darasa lake, akapiga makofi.

"Nimekuja kumsalimu baba," alisema.

Mtoto mmoja nyuma akacheka, na wengine wakacheka kwa kuambukizwa. Hawakuwa wamewahi kumwona mwalimu wao akiwa mfupi kuliko wao.

Ofisa hakucheka. Alichukua pasi za kusafiria akazipitia, mhuri baada ya mhuri, akasema maneno machache na kuzirudisha. Bwana Albano aliyageuza bila kumtazama mtu.

"Anasema mgeni akishasalimia huenda kwao. Mwisho wa wiki wasiwakute."

*

Nyumba waliyokaa ilikuwa ya shule. Siku ya pili yake mlinzi alikuja akasimama mlangoni anakuna shingo. "Mama, mimi nimetumwa tu. Anasema nichukue funguo mapema, kuna mwalimu mwingine anakuja."

"Kutoka wapi?"

"Kwenu huko huko. Mutare, sijui Chipinge."

Garikai alikuwa kitandani anatazama paa. Shuvai alirudi jikoni. Halafu akamfunga Anesu mgongoni, akapanga sufuria mbili na kifurushi cha unga ndani ya beseni, akajitwika.

"Unakwenda wapi?" Garikai aliuliza.

"Nyumbani kwa baba. Mwanamke akifukuzwa anakwenda wapi?"

"Usitutie aibu, Shuvai."

Alikuwa hajamwita kwa jina miaka mingi. Shuvai aliweka sawa beseni kichwani. "Alisema binti hahitaji kibali kukaa kwa baba yake. Nakwenda kukaa. Mbele ya watu, aniambie si binti yake."

Alipita barabara kubwa makusudi, mchana kweupe, watu wakimwona. Dona Celeste, mke wa Bwana Albano, alikuwa nyuma ya nyumba anapembua mchele. Alimwona na beseni lake, akaelewa, akaweka ungo chini.

"Umerudi nyumbani, siyo?"

"Nimerudi, mama."

"Keti. Mtue mtoto." Hakushangaa. Alikuwa mwanamke mkavu, mchovu, asiyesema sana, na Shuvai alikuwa akidhani siku zote kwamba hampendi. "Wa kabla yako hakuja na sufuria. Alikuja na godoro."

"Wa kabla yangu nani?"

"Mke wa mwalimu wa kabla yenu. Wa Rusape. Hukusikia habari zao?"

"Niliambiwa alipata kazi kwingine."

Dona Celeste alitazama mlango wa jikoni, kisha akarudi kwenye mchele wake. Vidole vyake viliokota kijiwe, vikakitupa. "Yule mke alikuwa wa Soko. Watu wa nyani. Mume wangu akamwambia, na mimi ni Soko. Wakalia wote wawili, kama ulivyolia wewe. Na kabla yao palikuwa na mwingine, sikumbuki alikuwa wa nini. Simba, nadhani. Mwaka ule tulikuwa Simba."

Anesu alikuwa amelifikia beseni, anauma ukingo wake.

"Mimi nimeolewa naye miaka ishirini na kitu," Dona Celeste alisema. "Babu yake alikuwa mpishi wa meli, Mreno, na bibi hakuna anayemsema. Hana ukoo mume wangu. Labda ndiyo maana anachukua wa watu."

Harufu ilikuwa ikitoka ndani muda wote, Shuvai hakuwa ameijali. Aliinuka akaenda mpaka mlango wa jikoni. Bwana Albano alikuwa mezani, leso shingoni, anakula samaki. Si kipande. Alikuwa amefika kichwani, anakifyonza, macho amefumba kwa utamu.

Alipoyafumbua akamwona. Kwa kitambo kidogo mkono ulisimama hewani. Halafu akaweka kichwa kile sahanini, polepole, akajifuta kidole kimoja kimoja.

"Sukari hii, mwanangu," alisema. "Daktari ameniambia niache nyama."

"Pole, baba," Shuvai alisema.

Hakuwa amepanga kusema hivyo. Neno lile la baba lilitoka lenyewe, kwa mazoea, na alipolisikia aliona kwamba hata hilo mzee huyu amemnyang'anya. Alikuwa amekuja na maneno mengi; aliyafikiria njia nzima. Lakini yote yalikuwa maneno ya mtu kwa baba yake. Kwa mtu ambaye si baba yake, ambaye si chochote, hakuwa na neno hata moja.

*

Aliporudi alimkuta Garikai ameamka, amenyoa ndevu, anafunga kamba sanduku la vitabu. Ruvimbo alikuwa amekalia godoro lililokunjwa.

"Amesemaje?" Garikai aliuliza.

"Hakusema kitu."

"Nilikwambia. Lakini ni mzee, mama Ruvimbo, alibanwa. Angefanya nini mbele ya bunduki? Nimefikiri usiku kucha. Baba mkwe akikukosea, humwachi. Unavumilia. Ndivyo tulivyolelewa." Alikaza fundo kwa goti. "Tungekuwa tumedhulumiwa na mtu baki, hapo ningeumia."

Shuvai alimtazama mgongo, ule mgongo mrefu ulioinama mwaka mzima juu ya majembe na mashimo ya mtu. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lingetoka kwa pumzi moja. Alilishika hapo, likakaa, kisha akalimeza.

"Nipe ncha nyingine ya kamba," alisema.

Ijumaa Bwana Albano alikuja kuwaaga, na alikuja vizuri. Alileta lori la shule, nauli ndani ya bahasha, na kuku hai, mweupe, miguu imefungwa kwa kitambaa. Majirani wote walikuwa nje. Mke wa fundi redio alikuwa ameegemea ukuta, amekunja mikono.

"Binti haondoki kwa baba mikono mitupu," Bwana Albano alisema, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. Wanawake wakamwitikia kwa kuguna kwa kuridhika. Huyo ni baba, siku hizi hawapatikani.

Garikai alichuchumaa mavumbini na suruali yake ya safari, akapiga makofi. Alishukuru kwa ajili ya mkewe, kwa ajili ya watoto, kwa ajili ya mwaka. Alisema yote yanayopaswa kusemwa na hakuruka neno. Watu walitulia kumsikiliza, kwa kuwa alisema vizuri sana.

Kisha kuku akasogezwa mbele ya Shuvai. Kwao kitu hupokelewa kwa mikono miwili, hata kikiwa punje ya mahindi, na anayepokea hupiga makofi kwanza. Mtoto wa miaka miwili anajua. Shuvai alimtazama Bwana Albano usoni, kitu ambacho hakuwa amewahi kufanya, akanyoosha mkono mmoja. Wa kushoto. Akamshika kuku miguu na kumwacha aning'inie.

Kuguna kwa wanawake kulikatika. Bwana Albano alibaki mikono imenyooshwa. Kule ukutani mke wa fundi redio aliinua kichwa kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake.

"Umefanya nini?" Garikai alimuuliza ndani ya lori, chini chini. "Baba yako, mbele ya watu. Umefanya nini?"

"Mtoto alikuwa anateleza mgongoni," Shuvai alisema.

Lori liliwafikisha Machipanda. Foleni ilikuwa fupi. Walinyang'anywa kuku mapema, mifugo haivuki, alisema askari mmoja, akamweka nyuma ya kiti chake ambako palikuwa na wengine wawili. Dirishani alikaa ofisa mzee ambaye aliwazoea. Mara nyingi alikuwa amewapigia mhuri wakienda kunywa ile chai yao. Aliyaona masanduku, godoro, sufuria.

"Leo mnahama?"

"Tunarudi nyumbani," Garikai alisema.

"Kazi imekwisha?"

"Hatukuwa na kazi." Garikai alinyoosha shingo, akatafuta sauti yake ya darasani, akaipata. "Tulikuwa tunatembea. Kwa baba mkwe wangu."

Ofisa aligeuza kurasa, mhuri juu ya mhuri. "Ziara ndefu hiyo." Akamtazama Shuvai. "Mama, kweli? Mlikuwa kwa baba yako?"

Garikai aligeuka kumtazama. Ruvimbo, mkono ndani ya mkono wa mama yake, naye alimtazama.

"Kweli," Shuvai alisema. "Tulikuwa kwa baba."

Mhuri ukagongwa.